Kuzibua jicho la ndoano lililozibwa na rangi kwenye jigi za kujitengenezea

Anayesubu na kupaka jigi zake mwenyewe, yaani ndoano zenye kichwa cha risasi au bati, utamjua alfajiri, taa ya kichwani ikiwaka, akisukuma ncha ya mshipi kwenye jicho la ndoano na mshipi ukikataa kupita. Anaigeuza jigi, anailamba ncha ya mshipi (jambo baya, ukikumbuka kwamba vidole vyake vimeshika risasi), anajaribu tena. Jicho lipo, ila limejaa rangi. Mwishowe anachukua ndoano nyingine, anachokonoa kwa ncha yake, rangi inabanduka vipande vipande, na mara nyingine kidole ndicho kinachochomwa.

Nilikuwa mtu huyo kwa muda mrefu. Nilidhani ni sehemu ya uvuvi, kama kupata mkosi wa upepo. Kumbe kosa lilikuwa likifanyika mezani, usiku wa kupaka. Rangi ikiwa bado laini, jicho moja husafishwa kwa sekunde 2. Ikishakauka au kuoka, jicho hilohilo litakula dakika 5 na huenda likakuharibia ndoano. Karibu yote yaliyomo humu yanahusu kuiwahi rangi. Sehemu ya mwisho ni kwa ajili ya zile ambazo tumeshachelewa.

Kwa jigi nakusudia ndoano ambayo kichwa chake kimesubiwa kwa risasi au bati ndani ya kalibu, kisha kikapakwa rangi, na mara nyingi shinani hufungwa manyoya, nywele au chambo laini cha plastiki. Jicho lake hutokeza juu ya kichwa au mbele puani, na waya wake ni mwembamba. Kwenye jigi ndogo za gramu 2 au 3 tundu la jicho ni dogo kiasi kwamba tone moja la rangi linatosha kuliziba.

Kwa nini "mshipi unapita" haitoshi

Wengi hutoboa kitundu katikati ya rangi, mshipi ukipita wanaridhika. Mimi siridhiki. Rangi iliyobaki ukingoni mwa tundu ni ngumu na hukatika kwa kingo kali. Unapokaza fundo, hasa la nailoni nyembamba, kingo zile husugua mshipi pale pale unapobeba mzigo wote. Samaki akivuta na kichwa cha jigi kikicheza huku na huku, kule kusugua kunakuwa kama msumeno. Niliwahi kukatikiwa mara mbili asubuhi moja, nikaulaumu mshipi. Nilipoitazama jigi ya tatu kwa lenzi nikaona rangi imekaa ndani ya jicho kama nusu mwezi, na ukingo wake umemeguka.

Kuna jambo la pili. Jicho la ndoano ni waya uliokunjwa ukarudi kwenye shina lake, na mahali unapokutana hubaki ufa mwembamba. Mshipi wa kusuka, ambao ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu ileile, unaweza kuteleza ukaingia ufani humo na kujikata. Kwa hiyo ukiona rangi imejaza ule ufa peke yake na tundu lenyewe ni safi, iache ilivyo. Hiyo ni rangi inayokufanyia kazi.

Kwanza ijue rangi uliyotumia

Njia inayofaa hutegemea aina ya rangi, na watu hupoteza muda wakiloweka kwenye asetoni (dawa ya kuondolea rangi ya kucha) rangi isiyoyeyuka, au wakikwangua kwa sindano rangi ambayo pamba yenye asetoni ingeiondoa mara moja.

Rangi ya unga ndiyo inayopendwa zaidi na watengenezaji wa jigi kwa ugumu wake. Kichwa hupashwa moto, huchovywa kwenye unga, unga huyeyuka na kushika, kisha jigi huokwa. Ikishaokwa vizuri haiyeyuki tena kwa joto, na asetoni huigusa kidogo tu.

Rangi ya vinili na rangi ya kucha hukauka kwa dawa yake ya kuyeyushia kupaa hewani. Hizi asetoni huziyeyusha hata baada ya miezi.

Rangi ya maji, yaani akriliki, hutoka kwa maji ikiwa mbichi. Ikikauka inakuwa ngozi ya plastiki ambayo asetoni huilainisha ikabanduka.

Epoksi na zile gundi angavu zinazogandishwa kwa taa ya urujuanimno hupakwa juu kabisa ili kulinda rangi na yale macho bandia ya samaki yanayobandikwa kichwani. Zikiganda zimeganda, asetoni haitakusaidia, ni chuma na subira tu.

Kama jigi ulipewa na hujui ilipakwa nini, chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni, kisugue mahali pasipoonekana, chini ya kidevu cha kichwa. Pamba ikitoka na rangi mara moja, asetoni inatosha. Ikitoka safi, jiandae kuchokonoa.

Vifaa

Sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kipande cha mbao kiwe mpini. Msharasi mwembamba ukiwa nao ni bora zaidi. Vijiti vya meno. Ncha nyembamba za drili, kama za milimita 1 na 1.5, za kuzungusha kwa vidole. Koleo yenye mdomo mwembamba au kibano kinachojifunga chenyewe. Vipande vya mshipi wa kusuka uliochakaa. Pamba, asetoni, lenzi ya kukuzia. Miwani ya kujikinga usiifanye ya hiari: kipande cha rangi ngumu kikiruka kutoka kwenye jicho la ndoano kinaelekea usoni mwako, maana ndipo ulipoinamia.

Mpini wa sindano hauko pale kwa ajili ya uzuri. Sindano tupu huteleza kwenye vidole vyenye jasho, na ukiisukuma kwa nguvu upande wa tundu la uzi ndio utakaokuingia wewe. Na ile desturi ya kutumia ndoano ya jigi nyingine? Inafanya kazi, siikatai, ila unaichosha ncha ya ndoano ambayo kesho ungetaka iwe kali. Tenga ndoano moja kuukuu, uikate kile kijino cha nyuma ya ncha ili isinase, iwe ya kazi hiyo tu.

Neno kuhusu risasi, kisha tuendelee. Ni sumu, na watoto ndio huathirika zaidi. Usile wala kuvuta sigara ukiwa mezani pa kazi, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, futa meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi kavu, na oveni ya kuokea jigi isiwe ile inayooka mkate. Hili si hofu ya bure: Uingereza ilipiga marufuku mwaka 1987 uuzaji wa vitimazi vya risasi vya kuvulia vya gramu 0.06 hadi 28.35, kwa sababu bata maji walikuwa wakivimeza na kufa.

Rangi ya unga: nafasi tatu ulizo nazo

Hapa ndipo macho mengi huzibiwa, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Kabla hata ya kuchovya, tazama unavyopasha moto. Unga hushika mahali penye joto. Ukiweka jigi nzima mbele ya hewa moto, waya wa jicho, kwa wembamba wake, hupata joto upesi kuliko risasi, na ukichovya unga unalikimbilia jicho. Elekeza joto kwenye kichwa, kutoka chini au ubavuni, jicho likiwa upande wa pili. Shika ndoano kwa koleo kwenye mkunjo wake. Ukiwa na oveni ya kupashia jigi nyingi kwa pamoja, ngoja kidogo baada ya kuitoa kila moja: waya mwembamba hupoa kabla ya risasi, na pumzi moja ya kungoja hupunguza unga unaoganda jichoni.

Joto likizidi, utajua. Unga utashika kwa unene kama uji, uso utatoa mapovu, rangi za mwanga zitageuka manjano. Joto likipungua, unga utabaki kama vumbi lisilong'aa. Unalotaka ni katikati: unga uyeyuke na kung'aa ndani ya sekunde 1 au 2 baada ya kutoka kikombeni. Ni kazi ya mkono, na kila ukubwa wa kichwa una hesabu yake. Hesabu sekunde kwa sauti, ziandike kwenye mfuniko wa kikombe cha unga. Macho yaliyozibwa mengi niliyowahi kuyaona yalitokana na kichwa kilichopashwa kupita kiasi.

Unga nao lazima uwe mwepesi. Ukikaa hushikamana, na jigi ikichovywa humo hutoka na bonge. Wenye kikombe kinachopulizwa hewa kutoka chini, hadi unga ukachemka kama maji, hawana shida hii. Asiye nacho akoroge unga kwa kijiti kila baada ya jigi chache ili uingie hewa. Chovya, toa, mara moja. Usiiache humo. Kisha gonga koleo mara moja kwenye ukingo wa kikombe ili unga uliozidi udondoke.

Sasa inakuja nafasi ya kwanza. Rangi iko juu ya kichwa, inang'aa, laini kama asali nzito, na una sekunde chache tu. Mkono mmoja una koleo lenye jigi. Mwingine tayari una sindano. Pitisha sindano jichoni kutoka upande mmoja hadi itokeze upande wa pili, izungushe nusu duara, itoe. Iingize tena kutoka upande wa pili. Basi. Futa sindano kwenye kitambaa kikavu kabla ya jigi inayofuata, la sivyo rangi uliyoitoa hapa utaipanda kule. Ukiwa umepakia sindano rangi nyeupe ukaenda kuchokonoa jigi nyeusi, utaona ninachosema.

Usiguse kichwa. Sindano ikiteleza ikachora mstari kwenye rangi laini, usiuchokoze. Mara nyingi rangi itatiririka na kuufuta wakati wa kuoka. Ukijaribu kuusawazisha kwa kidole utaungua na mstari utabaki.

Nafasi ya pili ni jigi ikishapoa lakini haijaokwa. Wengi hawajui kwamba nafasi hii ipo. Rangi ya unga iliyoyeyuka ikapoa bila kuokwa ni ngumu kidogo ila inavunjika kirahisi, kama sukari guru nyembamba. Ukiisukuma kwa sindano jichoni hupasuka na kuanguka yenyewe. Hatari yake ni kwamba ufa unaweza kukimbilia kwenye kichwa na kubandua kipande. Ili kuepuka hilo, sukuma sindano katikati ya tundu kwa mzunguko wa taratibu, usiitumie kama nyenzo ya kung'olea. Ukiona kipande kimeshabanduka kichwani, pasha kichwa tena taratibu hadi rangi iyeyuke ing'ae, maana kabla ya kuoka bado inakubali kuyeyuka, na kidonda kikiwa kidogo kitajifunika.

Kwa hiyo kabla ya kuingiza chochote ovenini, zipange jigi zote na kuzipitia moja moja dhidi ya mwanga. Jicho safi linaonyesha mwanga duara. Lenye utando linaonyesha kivuli. Nikiwa na jigi 50, ukaguzi huu ni dakika chache.

Nafasi ya tatu ni baada ya kuoka. Ni nafasi, lakini ndiyo tunayoikimbia.

Namna ya kuzitundika ovenini

Unaweza kusafisha macho yote kikamilifu, ukafungua oveni na kuyakuta yamejaa tena. Rangi hulainika upya mwanzoni mwa kuoka kabla haijakaza, na pale ilipo nene hutiririka kuelekea chini. Swali ni je, chini kuna nini.

Jigi yenye jicho linalotokeza juu ya kichwa ukiitundika kwa mkunjo wa ndoano, kichwa hukaa chini na jicho hutazama pembeni. Tone litakusanyika puani, si jichoni. Hiyo ni sawa. Lakini jigi yenye jicho puani, sambamba na shina, ukiitundika hivyo jicho ndilo litakuwa sehemu ya chini kabisa, na kila tone litaishia humo. Hizi nazitundika kinyume: nalisafisha jicho mpaka waya wake uonekane mtupu, kisha napitisha waya mwembamba wa kutundikia ndani ya jicho, rangi ikateremkia upande wa shina. Chuma kitupu juu ya chuma kitupu hakigandi. Ukifanya hivyo na jicho lenye rangi, waya na jigi vitaoana.

Rangi nyingi za unga za jigi huokwa kwa takribani nyuzijoto 175 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 20, lakini soma maelezo ya kopo lako. Usiamini namba za kitasa cha oveni, weka kipimajoto ndani. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, kwa hiyo kichwa cha risasi hakina wasiwasi. Bati tupu huyeyuka kwa 232, nalo lina nafasi. Bali mchanganyiko wa bismathi na bati, ambao wengi huutumia ili kuepuka risasi, unaweza kuyeyuka kwa nyuzi 138 tu. Jigi ya namna hiyo ukiiingiza kwenye oveni ya 175, utakuta ndoano imening'inia peke yake na kichwa kimelala sakafuni mwa oveni. Hizo zipake rangi isiyohitaji kuokwa.

Rangi za kuchovya na za brashi

Kwa rangi ya vinili, ya kucha na ya maji, kinga ni rahisi. Chukua mafuta mazito ya kujipaka kwa ncha ya kijiti cha meno, gusa ndani ya jicho tu, kidogo kabisa. Rangi haitashika hapo. Mwisho wa kazi unafuta kwa pamba. Ukizidisha mafuta yatashuka kichwani na rangi ya hapo itabanduka siku ya kwanza majini. Kwa rangi ya unga usijaribu hila hii: mafuta yatafuka moshi na kutambaa kichwani.

Wengine huchomeka kipande cha kijiti cha meno jichoni, wakakitumia pia kama mpini wa kuchovyea. Ni njia nzuri kwa ndoano kubwa. Kichomoe rangi ikiwa haijakauka kabisa, huku ukikizungusha. Ukingoja ikauke, kitabandua rangi ya kichwa pamoja nacho.

Usipotumia kinga yoyote, rangi ya majimaji hufanya utando jichoni kama povu la sabuni kwenye kitanzi. Upulize, au uguse kwa kona ya karatasi ikunywe rangi. Lakini fanya hivyo kwa kila koti, yaani kila mpako wa rangi. Mtu hupaka nyeupe ya chini, kisha rangi yenyewe mara mbili, kisha vanishi, halafu anashangaa jicho limekwenda wapi. Makoti manne yasiyosafishwa ni ukuta.

Rangi ikishakauka, chovya kipande cha mshipi wa kusuka au uzi mnene wa pamba kwenye asetoni, upitishe jichoni, uvute mbele na nyuma kama anayesafisha katikati ya meno. Rangi itatoka na uzi. Badilisha sehemu ya uzi mara kwa mara. Usiloweke jigi nzima na usimwagie asetoni, maana itateremka hadi kichwani na kuacha doa lisilo na mng'ao. Kama jigi imeshafungwa manyoya kwa uzi uliopakwa gundi, iweke asetoni mbali kabisa na fundo lile. Hata chambo laini cha plastiki hakipatani nayo. Ndiyo maana macho husafishwa kabla ya kufunga manyoya.

Asetoni huwaka upesi mno. Mvuke wake hushika moto hata katika hali ya baridi. Oveni izimwe, mshumaa uzimwe, dirisha lifunguliwe.

Epoksi ipake kwa brashi ndogo, usichovye, na simama milimita moja kabla ya kufika jichoni. Ikiingia, ingoje ifikie hali ya ubani uliotafunwa: haitiririki tena, lakini haijawa ngumu. Ukichoma kwa sindano wakati huo inatoka kama kitonge. Ukichoma mapema mno inarudi na kuziba tundu tena. Kwa gundi ya taa huna hali hiyo ya katikati. Kagua jicho kwanza, washa taa baadaye. Sekunde chache za mwanga zinatosha kuifanya jiwe.

Zilizokwisha kukauka au kuokwa

Shika jigi kwa kichwa, kwa kitambaa kinene au koleo lililovishwa kipande cha ngozi ili lisikwaruze. Ncha ya ndoano ichomekwe kwenye kipande cha koki au kizibo. Hatua hii watu huiruka, na ndipo damu hutokea.

Anza na sindano katikati ya tundu. Zungusha huku unasukuma kidogo, mpaka itokeze upande wa pili. Geuza, ingia kutoka upande ule. Sasa chukua ncha ya drili iliyo nyembamba kidogo kuliko tundu, izungushe kwa vidole. Kwa vidole, nasema. Drili ya umeme huinasa jigi na kuizungusha yote, ndoano na ncha yake, mkononi mwako. Pia ncha ya drili ni chuma kigumu na ikigusa waya hukwangua ule upako wa nikeli au shaba unaoizuia ndoano isipate kutu, hasa kwa anayevua maji ya chumvi. Kazi yake ni kula rangi ya katikati tu. Ile ya ukingoni imalize kwa sindano ukiilaza ubavuni, ukikwangua kuzunguka waya.

Rangi ya unga iliyookwa ikigoma kabisa, pulizia jicho hewa ya mashine ya kukaushia nywele kwa muda. Haitayeyuka, lakini itapoteza ukali wake na sindano itaikata badala ya kuivunja.

Usitumie kiberiti cha gesi. Najua kinajaribu: mwali mdogo, rangi inaungua, jicho linabaki wazi. Chuma cha ndoano kimepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani, na joto lisilopimwa huunyang'anya. Waya ule mwembamba ukigeuka buluu umeshalegea. Hutaona tofauti mezani. Utaiona samaki mkubwa akilivuta jicho likafunguka. Moshi wa rangi inayoungua nao si wa kuvuta.

Na usilipanue jicho kwa nguvu. Sindano nene iliyosukumwa kama patasi inaufungua ule ufa niliousema mwanzo. Ukiona ufa umepanuka, ubane taratibu kwa koleo. Ukishindwa, jigi hiyo haifai kufungwa mshipi wa kusuka.

Kukagua

Mwanga kupita katika tundu ni jaribio la kwanza tu. La pili ni pamba: sokota nyuzi chache za pamba, zipitishe jichoni, uzivute huku na huku ukigusa kila upande wa waya. Zikinasa na kuacha vinyweleo, pana ukingo mkali. Rudi na sindano. La tatu ni mshipi wenyewe: pitisha kipande cha nailoni unayoitumia, kivute mbele na nyuma mara 10 huku umekaza kidogo, kisha kipitishe kati ya kucha mbili. Kikiwa kimekwaruzwa utasikia kwa kucha kabla hujaona kwa jicho.

Pale ambapo upako wa waya umekwanguka, gusa kwa tone dogo la nta ya mshumaa iliyolainishwa kwa vidole, ufute. Itachelewesha kutu, haitaizuia.

Zipo zisizookoleka: jicho limepinda, rangi imebanduka nusu ya kichwa, au umeikasirikia tu. Hizo narudisha kwenye chungu cha kuyeyushia, nje ya nyumba, nikiwa upande unakotoka upepo, kwa sababu rangi yake hufuka moshi mzito. Lazima ziwe kavu kabisa. Unyevu ukizama ndani ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha risasi hewani. Ndoano zikielea juu naziondoa kwa koleo na kuzitupa. Zimeshakaa kwenye joto kubwa kwa muda mrefu, na sizifungi tena kwenye mshipi.